Bibi Salme wa Unguja na Ndugu Zake

Hapa Makobola hakuna asiyejua nyumba ambayo ndugu wawili, watu wazima wenye mvi, hawali sahani moja. Ukiuliza chanzo, mmoja atakutajia shamba, au mbuzi, au mahari ya dada yao. Lakini ukiketi nao mpaka jioni utaona ya kuwa jambo lenyewe ni la zamani zaidi. Labda ni neno alilosema mama wa mmoja juu ya mama wa mwingine, siku zile wote wawili walipokuwa watoto wadogo wakioga pamoja ziwani. Shamba limekuja baadaye.

Leo tunawasimulia habari za binti wa mfalme. Msidhani ya kuwa habari zake ziko mbali nanyi kwa sababu alizaliwa katika jumba la mawe, kando ya bahari. Kidonda chake ni kile kile.

Jina lake Salme binti Said. Alizaliwa Unguja tarehe 30 Agosti 1844, katika nyumba iitwayo Beit el Mtoni, yaani nyumba ya mtoni. Baba yake alikuwa Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Huyu ndiye aliyeleta mikarafuu kwa wingi katika visiwa vile, na misafara ya biashara ya siku zake ilifika Ujiji, ikavuka hata ng'ambo yetu hii ya Tanganyika. Lugha tunayosomea gazeti hili ilikuja na misafara ile. Minyororo ya watumwa pia ilikuja nayo, wala si haki kutaja la kwanza na kulisahau la pili.

Mama yake aliitwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi kutoka milima ya Kaukazi. Alitekwa vitani angali mtoto mdogo, akauzwa, akaishia katika nyumba ya Sultani. Hakuwa mke wa ndoa. Alikuwa suria, mmoja miongoni mwa wengi. Said alikuwa na mke wa ndoa, Bibi Azze wa ukoo wa Omani, aliyeogopwa na nyumba nzima, naye hakuzaa mtoto. Watoto wote walikuwa wa masuria. Salme mwenyewe aliandika baadaye ya kuwa baba yake alipofariki aliacha watoto hai 36, wa kiume 18 na wa kike 18.

Fikirini nyumba hiyo. Chakula tele, farasi, mavazi ya hariri, watumishi wasiohesabika. Lakini mama mmoja ni Mcherkesi, wa pili ni Mhabeshi, wa tatu ametoka nchi ya Mesopotamia, na kila mmoja anampima mwenzake kwa jicho. Wanawake wa Kicherkesi hawakupenda kula na Wahabeshi. Watoto wa Kihabeshi nao waliwaita ndugu zao wa Kicherkesi paka, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Neno dogo la watoto! Yeyote aliyepewa jina la dhihaka na ndugu yake mwenyewe hawezi kulisema ni dogo. Baba aliwapenda watoto wake, twaweza kusadiki hivyo. Aliwaita kwake kila asubuhi, akawapa matunda na peremende. Lakini baba wa watoto 36 ana mikono miwili tu, na kila mtoto aliona vizuri ni nani aliyeshikwa mkono leo.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa binti aitwaye Khole, mzuri wa sura na mwepesi wa kucheka. Baba alimpa taji ya thamani, na taji ile ikawa mzigo kichwani pake, maana ndugu zake hawakumsamehe. Ninyi mlio katika mafundisho mmekwisha kusikia habari za Yozefu na kanzu yake. Yakobo alifanya kosa hilo hilo, tena alikuwa mtu wa Mungu.

Mama yake Salme alikuwa na rafiki mmoja, Mcherkesi mwenzake, jina lake Sara. Wanawake hao wawili walikuwa wamepatana ya kuwa atakayetangulia kufa, yule aliyebaki atawalea watoto wake kama wake mwenyewe. Sara alikufa, akaacha mwana, Majid, na binti, Khaduj. Jilfidan akalishika neno lake. Salme alipokuwa na umri wa miaka kama saba, walihama Beit el Mtoni wakaenda kukaa mjini na Majid katika nyumba ya Beit el Watoro. Kwa hiyo Majid, ambaye kwa damu alikuwa ndugu wa baba tu, alipata kuwa ndugu wa chungu kimoja. Alimfundisha Salme kupanda farasi na kutumia silaha kama mvulana. Hilo mlikumbuke, kwa maana ndilo litakalomchoma Salme siku za mbele.

Jambo lingine alijifunza peke yake. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajitafutia mfupa wa bega la ngamia, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, akainakili Kurani kwa siri, herufi kwa herufi, mpaka mkono wake ukazoea. Waliomwona wakamcheka, wengine wakaona ni aibu. Tungependa kusema ya kuwa elimu hiyo ilimletea heri tupu, lakini sivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa Oktoba 1856 Said alifariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Omani. Mwanawe Barghash alikuwa naye chomboni. Salme anasimulia ya kuwa Barghash alimteremsha marehemu usiku na kumzika kwa siri, kabla ndugu zake hawajakusanyika. Basi kilio chenyewe kilianza na hila. Nchi ikagawanyika: Thuwaini akashika Omani, Majid akashika Unguja, wakagombana hata Waingereza wakaamua mwaka 1861 ya kuwa Majid amlipe kaka yake dola 40,000 kila mwaka. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa na mwanawe mwenyewe. Hayo tunayapita upesi.

Barghash alikuwa na mama Mhabeshi, Majid alikuwa na mama Mcherkesi. Barghash alikuwa hodari, mwenye kiburi, hakuweza kuvumilia kumwona Majid, mtu mpole na mgonjwa wa kifafa, akiketi mahali pa baba yao. Khole akawa upande wa Barghash. Naye Salme alimpenda Khole kuliko dada zake wote.  Lakini Majid ndiye aliyekua naye.  Mwaka 1859 alikuwa na umri wa miaka 15 tu, mwenye mali yake na nyumba yake, na pale katika shauri la siri walihitaji mtu wa kuandika barua. Ni nani ajuaye kuandika? Yule msichana wa mfupa wa ngamia! Mkono wake ndio ulioandika barua za kuagiza bunduki, risasi na baruti, zitumiwe juu ya Majid.

Majid alipata habari, akaweka askari kuizunguka nyumba ya Barghash. Usiku mmoja dada zake, na Salme pamoja nao, wakaenda huko wakisema wanataka kumwona ndugu yao. Askari wakaona haya kuwazuia mabibi wa jumba la kifalme. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao, amevikwa shela la mwanamke. Akakimbilia shamba la Marseilles, na huko wafuasi wake wakajenga boma. Majid akaenda na askari wake, na Waingereza wakamsaidia kwa watu wao wa manowari. Watu wengi walikufa pale, na wengi wao hawakuwa na neno lolote na Majid wala na Barghash. Mwishowe Barghash akashikwa, akapelekwa Bombay, akakaa huko miaka miwili. Mwaka ule ule wa 1859 kipindupindu kiliingia Unguja, kikamchukua Jilfidan. Salme akabaki bila baba, bila mama, na yule ndugu wa chungu kimoja alikuwa amemwandikia baruti.

Sasa tazameni alivyofanya Majid. Watu walimshauri awaadhibu dada zake, awanyang'anye mashamba. Akakataa. Wengine mjini wakamcheka kwa upole wake, wakasema ni udhaifu. Hakugusa mnazi wao mmoja. Lakini nyumba ya Salme haikupata wageni tena. Watu wakapita mbali na mlango wake kama wapitavyo mbali na mlango wa mgonjwa wa ndui. Akaenda kukaa mashambani, kwanza Kisimbani, kisha Bububu karibu na bahari, akasumbuliwa na dhamiri.

Ikatokea kwamba balozi mmoja wa Uingereza aliitaka nyumba ile ya Bububu, na Majid akamwomba Salme aiachilie. Salme akaitoa mara moja, akiona ni njia ndogo ya kulipa deni kubwa, akarudi mjini. Ndipo Majid akaja kumtembelea. Kwa desturi mdogo ndiye amwendeaye mkubwa, na mkosaji ndiye amwendeaye aliyekosewa. Majid alikuwa mkubwa, tena alikuwa Sultani, tena alikuwa ndiye aliyekosewa. Yeye ndiye aliyetangulia. Wakazungumza kama zamani, na habari ya vita hakuitaja hata kidogo. Mtu asiyejua Baba Yetu alifanya hivyo. Sisi tunaoisali asubuhi na jioni tungekuwa tumefanya nini?

Lakini kidonda kilichofungwa upande mmoja kilifunguka upande mwingine. Khole na Barghash, aliyekuwa amekwisha kurudi kutoka Bombay, waliposikia ya kuwa Salme amepatana na Majid, walimhesabu kuwa msaliti. Yule dada aliyempenda hata akamkosea ndugu yake kwa ajili yake, akawa baridi kwake. Katika nyumba kama hizo hata amani huhesabiwa kuwa kosa, maana ukimkaribia mmoja umemwacha mwingine.

Akiwa mjini peke yake, Salme alifahamiana na mfanyabiashara Mjerumani wa Hamburg, Heinrich Ruete, aliyekaa nyumba ya jirani. Akachukua mimba kabla ya ndoa. Kwa sheria za nchi yake hilo lilikuwa jambo la kifo. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 akapanda manowari ya Waingereza, Highflyer, akafika Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye baadaye alikufa mchanga katika safari ya Ulaya. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Waanglikana akaitwa Emily, na siku ile ile akafunga ndoa na Ruete, na mara wakaanza safari ya Ulaya. Ninyi wakatekumeni, mnaonung'unika ya kuwa Padri anawachelewesha, fikirini kidogo. Mwanamke huyu alipewa dini mpya, jina jipya, mume na safari, yote kwa siku moja, na mafundisho yalikuwa machache. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anaumia moyoni, hajui amesimama wapi.

Wakati huo wote Ruete alikuwa amebaki Unguja kwa miezi mingi akimaliza biashara zake. Majid angeweza kumdhuru. Hakumdhuru.

Huko Hamburg walipata watoto watatu, Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Mwezi wa Agosti 1870 Ruete alianguka akishuka katika gari la reli lililovutwa na farasi, likamkanyaga, akafa baada ya siku chache. Mtoto mdogo hakuwa ametimiza hata nusu mwaka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Majid naye akafa Unguja. Salme alikuwa na umri wa miaka 26, katika nchi ya baridi, na watu wawili ambao hawakumtupa walikuwa wamekwisha kuondoka duniani. Aliyekalia kiti sasa alikuwa Barghash.

Tusimdharau Barghash. Ndiye aliyetia sahihi tarehe 5 Juni 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, ijapokuwa alisukumwa na manowari za Waingereza. Aliwaletea watu wa mji maji safi ya bomba. Mwaka 1878, alipokuwa anatawala, Mapadri Weupe wa kwanza walifika Unguja wakapita kuja huku kwetu ziwani. Alikuwa na fadhili kwa wengi, isipokuwa kwa ndugu zake waliomkumbusha siku za kale. Salme alimwandikia barua, kwa mkono ule ule uliomwandikia barua za baruti. Alimwomba amani, na urithi wa watoto wake. Barghash hakujibu.

Mwaka 1875 Barghash alifika London kumtembelea malkia. Salme alijifunza Kiingereza haraka, akaacha watoto, akavuka bahari ili aonane naye uso kwa uso. Huko akajiwa na bwana mkubwa wa Kiingereza, Bartle Frere, akaelezwa ya kuwa akikubali kutomwona ndugu yake, serikali itaangalia elimu ya watoto wake. Serikali ile haikutaka ugomvi wa nyumbani umwudhi mgeni wao. Mjane maskini akafikiri juu ya watoto, akakubali. Barghash akaondoka London bila kuonana na dada yake, waliokuwa katika mji mmoja. Kisha ahadi ile ikavunjwa. Akaambiwa ya kuwa yeye ni mtu wa Ujerumani, hawahusiki naye.

Miaka kumi baadaye ilikuwa zamu ya Wajerumani. Walikuwa wakitaka nchi za bara upande wa Tanganyika, na Barghash alikuwa anawapinga. Mwezi wa Agosti 1885 wakatuma manowari zao Unguja, na pamoja nazo wakamleta Salme na watoto wake watatu. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona mji wake tangu miaka 19. Watu wa kawaida walimkusanyikia njiani wakimsalimu kwa furaha, ingawa askari wa Sultani waliwafukuza. Lakini jumba la ndugu yake lilifungwa. Khole alikuwa amekwisha kufa. Ndugu waliobaki waliogopa kuonekana naye. Salamu zao zilimjia kwa siri. Barghash alikataa kumtambua. Na Wajerumani, walipopata waliyoyataka katika mambo ya bara, waliacha kumtaja. Mara ya kwanza ugomvi wa watoto wa Said uliwafungulia mlango Waingereza, mara ya pili Wajerumani, na kila mgeni aliingia kwa nyufa zilizokuwako tangu siku za paka na taji.

Mwaka 1886 Salme alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Ni jambo la ajabu kwa mwanamke wa Unguja wa nyakati zile. Ndani yake aliitetea desturi ya utumwa, na hapo hatukubaliani naye hata kidogo. Wazee wetu walioziona njia za Ujiji wasingekubali. Lakini juu ya ndugu zake alisema kweli kwa namna isiyo ya kawaida. Alieleza wazi ya kuwa alimkosea Majid. Hakumtupia Khole lawama yote, ijapokuwa ingekuwa rahisi, kwa kuwa yeye alikuwa mtoto wa miaka 15 na Khole alikuwa mkubwa. Alieleza tena wema wa Majid, kama mtu alipaye deni kwa mtu asiyeweza tena kulipokea. Juu ya Barghash maneno yake ni makali. Alikuwa mkweli, lakini moyo wake ulikuwa bado unachuruzika damu upande ule.

Barghash alikufa mwezi wa Machi 1888. Salme akarudi Unguja mwaka ule ule kujaribu tena kwa ndugu yake mwingine, Khalifa, aliyekuwa amerithi kiti. Mlango haukufunguka. Basi hakukaa tena Ujerumani. Alikwenda kuishi Jaffa, kisha Beirut, miaka zaidi ya ishirini, mahali ambapo angalau alisikia Kiarabu njiani na kuona jua. Vita vya mwaka 1914 vilipokaribia alirudi Ujerumani kwa wanawe.

Watoto wake hawakurithi ugomvi. Mwanawe Rudolph alijiita Said-Ruete, akiunganisha jina la babu na la baba, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya Said bin Sultan, yule babu ambaye hakumwona kamwe.

Salme alikufa mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Katika vitu vyake walikuta mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja, alioutunza miaka yote ile. Wakauweka pamoja naye kaburini, huko Ohlsdorf katika mji wa Hamburg.